Saa Tatu Kasoro

Masatu, aliyeyafuata mabondo ya sangara hadi Guangzhou,
ameandika: kesho Bangkok.
Kilomita elfu moja na mia saba,
saa tatu kasoro, angani.

Nikamsomea mama gatini Mwanza,
mguu wake mmoja juu ya kreti la nyanya
lisije likapata mwenyewe mwingine.
"Saa tatu," akasema. "Kumbe ni Nansio tu."

Nilitaka kumsahihisha,
lakini kamba zilikuwa zinafunguliwa
na jiwe la Bismarck limeanza kutupa kisogo.

Akahesabu za kwake.
Ya kwanza, karanga.
Ya pili, usingizi.
Ya tatu, Ukerewe inachomoza,
na bado hujui ni nchi au wingu.
"Na yeye, hapo katikati, ataona nini?"

Mawingu, nikasema. Wakati mwingine hufunga vidirisha.

Akanyamaza hadi Mwanza ikawa kokoto.
"Na Bangkok mpaka nyumbani?"
Hilo hakuandika.

Akafungua pindo la khanga,
akanimiminia nusu ya karanga kiganjani;
nusu akaipiga fundo tena, akalikaza kwa meno.
"Hizi za saa yake ya kwanza."