Penseli ya Manispaa

Walituita ukumbini siku ya Jumanne,
siku ambayo maji hutoka Namatala,
ndiyo maana wanawake tulifika sita
na wanaume ishirini na wanne.
Bwana Wamimbi wa ofisi ya mipango
akatandaza ramani ya Mbale mezani,
akaibana pembe kwa chupa za soda,
akasema: kila mtu achore njia yake ya siku moja.

Neumbe, shemeji yangu, fundi pikipiki,
alichora wa kwanza.
Mstari kutoka mlangoni hadi gereji,
na wa kurudi juu ya ule ule.
Akapuliza unga wa penseli kama aliyemaliza kazi.
Wenziwe wakafuata: mstari, mstari, mstari,
imenyooka kama rula, yote ikienda mjini,
na barabara mpya ya lami
imelazwa tayari chini yake.

Penseli ikanifikia.
Nilianza saa kumi na moja alfajiri.
Nyumbani hadi bombani, hatua mia tatu na kumi
(nazihesabu, sina redio).
Bombani hadi nyumbani, dumu kichwani.
Nikamgeuza mama mkwe upande wa ukutani.
"Hapo hukutembea," mmoja akasema.
Nikaweka nukta. Nikaibonyeza.
Nyumbani hadi chekechea, Khaukha mgongoni,
kwa kuzunguka, kwani daraja la Nabuyonga
lilijengewa lori, mguu haukufikiriwa.
Chekechea hadi sokoni, mafungu mawili ya malewa.
Sokoni hadi zahanati, dawa ya presha.
Imefungwa.
Nyumbani, kumgeuza. Nukta.
Zahanati tena.

Mistari ikapandana, ikawa kiota cha mnana,
na pale penye nyumba yangu
penseli ikatoboa karatasi.

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka.
Bwana Wamimbi hakucheka.
Alikuwa ameinama, kidole kinaufuata uzi wangu.
"Hapa," akauliza, "mbona umerudi mara mbili?"
Nikamwambia: kiti cha magurudumu hakipandi ngazi.
Nilimwacha mgonjwa chini kwa muuza ndizi,
nikapanda kumwita daktari; hakushuka.
Nikakimbia gereji kumtafuta mtu wa kunisaidia kumbeba.

Neumbe akatazama viatu vyake.
"Nilikuwa na kazi," akasema.

Kazi.
Nikaliona neno hilo limejikalia mezani
kati ya chupa mbili za soda,
miguu limeipandisha,
na mimi tangu alfajiri sijapata hata kigoda.

Karani akafungua daftari, akaandika:
Mahitaji ya akina mama.
Nikamwambia, futa.
Huyu mgonjwa amezaa wavulana watatu.
Mmoja ndiye mume wangu, yuko Juba, hutuma salamu.
Mmoja simjui alipo.
Mmoja amekaa hapa, ana penseli sikioni.
Andika: mahitaji ya mji.
Karani akamtazama Bwana Wamimbi,
Bwana Wamimbi akatazama tundu la karatasi.
Kifutio kilichukua muda kupatikana.

Mwezi wa nane walikuja mafundi wawili
wakavunja ngazi za zahanati,
wakamwaga zege la mteremko.
Umesimama mno, yeyote mwenye macho anaona,
na benchi walilotuahidi
bado ni mraba kwenye ramani ya mtu.

Lakini Alhamisi moja, kabla gereji haijafunguliwa,
Neumbe alikuja bila kuitwa.
Akashika vipini vya kiti, akasukuma,
jasho likamtoka hadi kwenye nyusi,
na mama yake, aliyekuwa hajacheka tangu Pasaka,
akamwambia: polepole, mwanangu, mimi si pikipiki.

Niliwaacha wapande.
Nikakaa kwenye ukingo wa zege, jua changa la Wanale usoni,
mikono mitupu, sijui niiweke wapi.
Nukta moja
isiyobonyezwa.

Kisha nikakumbuka leo ni zamu ya maji.
Bombani ni hatua mia tatu na kumi.
Nimezihesabu tena. Hazijapungua.