Unywele Chini ya Karatasi

Barua iliingia saa tisa kasoro dakika saba usiku,
kiyoyozi kinakoroma, Al-Khodh yote imelala,
nami nimekaa jikoni na kitabu cha simu
cha Maskati, cha zamani, jalada limechanika;
siku hizi hakuna amtafutaye mtu humo.

Chini ya ukurasa nimelaza unywele mmoja wa mama.
Nafumba macho, nautafuta kwa ncha ya kidole.
Nikiupata, nafunika ukurasa wa pili. Wa tatu.
Ndivyo wanavyojifunza, nilisoma, madaktari wa osteopathia:
kidole kijue kusikiliza, ndipo mdomo useme.
Mwezi wa Rajabu nilikwama kwenye ukurasa wa tisa.
Usiku ule nilikuwa kwenye thelathini na moja.

Mara mbili waliniandikia kwamba wanasikitika.
Ya kwanza nilimwonyesha baba.
Ya pili niliifuta, nikaenda kazini,
kliniki ya Ghubra, mlango wa nyuma, chumba cha taulo,
ambako kila Jumanne basi hushusha migongo ya wajenzi,
migongo iliyobeba ghorofa ambazo haitazipanda kwa lifti.

Baba ana swali moja, kwa maneno yale yale:
"Ni udaktari, au ni kukanda?"
Ni udaktari, baba. Wanapasua, wanaandika dawa, wanazalisha.
"Basi mikono ya nini?"
Na shangazi Shawana hudakia: "Kukanda tu!
Zuwena wa Wadi Kabir anakanda kwa riali tatu
wala hakwenda Marekani."
Hucheka, maana Zuwena ana mikono kweli,
na shingo ikinikaza nami huenda kwake.

Mahojiano yalikuwa saa tano usiku, kwao mchana.
Juu koti la kaka, chini suruali ya kulalia.
Watu watatu kwenye kioo cha kompyuta, mmoja anakula tufaha.
Majibu nimeyahifadhi kama juzuu:
kwamba mtu ni kitu kimoja, mwili, akili na roho,
kwamba umbo la kiungo na kazi yake
ni ndugu wa tumbo moja.
Ndipo yule wa tufaha akauliza:
"Mkono wako umewahi kukosea?"

Hilo sikulihifadhi.

Nikamtaja Shofikul, fundi wa jukwaa,
aliyeanguka Barka akasema hakuanguka.
Nilimbonyeza ubavuni, nikahisi kitu,
kama mguu unaosita ngazini,
nikabonyeza tena, maana fomu yake iliandikwa: misuli.
Hakulia. Alitazama dari.
Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika,
naye amenyamaza asije akarudishwa kwao.
Kidole changu kilijua.
Mimi nilisoma fomu.

Tufaha likawekwa mezani.
Nikafunga kompyuta, nikajua
nimejinyonga kwa ulimi wangu mwenyewe.

Na sasa hii. *Tunayo furaha.*
Niliusoma mstari ule, nikarudi,
nikausoma kama mtu anayehesabu chenji.
Amana dola elfu mbili, ndani ya siku kumi na nne.
Kadi ya chanjo. Picha mbili.
Kigelegele kilifika kooni kikageuka:
simu ya Shofikul haipatikani tangu Shaabani.

Baba akaja kunywa maji.
Akaishika simu yangu mbali, hana miwani,
midomo ikimchezacheza, mpaka chini, mpaka kwenye amana.
Nikangoja swali lake. Halikuja.
Akakitazama kitabu.
"Unamtafuta nani saa hizi?"
"Mama," nikasema, nikamwonyesha.

Akaweka kidole, kidole cha miaka thelathini ya usukani.
"Sisikii kitu."
"Fumba macho."
"Nimefumba."
"Usibonyeze, baba. Ngoja."

Akangoja. Friji ikazima, ikawaka.
"Hakuna kitu hapa," akasema, lakini hakuuondoa mkono.

Nikatoa kurasa thelathini,
nikambakishia moja.