Diski Juu ya Theluji

Jumatatu iligoma.
Nilibonyeza kitufe, feni ikakohoa mara mbili
kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi,
na kiwambo kikabaki cheusi,
mimi mwenyewe ndani yake: nywele timtim, kikombe mkononi,
mwanamke wa miaka hamsini na minane
akiibembeleza mashine kwa jina la paka wake.

Hapa Kemi, Januari, jua halipandi.
Linachungulia ukingoni, linaondoka na habari zake.
Nikampigia Jouko wa ghorofa ya pili,
fundi umeme wa kiwanda cha karatasi kabla hakijafungwa.
Akaja na soksi za sufu, bisibisi mdomoni,
akailaza kompyuta ubavu kama kondoo wa kukatwa manyoya.
Parafujo akazipanga juu ya sahani ya keki: saba.

"Una nakala?"
Swali hilo wameniuliza wote, hata binti yangu kwa simu,
kwa sauti ileile ya daktari wa meno.
Sina. Nilidhani akiba haiozi.
Kumbe yaoza, kimyakimya, bila harufu,
bila hata nzi mmoja wa kukutangazia.

"Kuna nini cha maana humu?"
Nikasema: hesabu za kodi. Picha za sauna kabla haijaungua.
Habari ya mama sikumwambia.

Mama yangu Lempi yuko nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto,
hai, mnene, mwenye furaha, na hanijui.
Miaka sita nilimrekodi kila nilipomtembelea
akisimulia kisa kimoja: ng'ombe aliyevuka barafu
usiku, wakati wa vita, bila mtu wa kumwongoza.
Kwanza ng'ombe alikuwa mwekundu, jina lake Mansikki.
Baadaye akawa mweupe. Baadaye wakawa wawili.
Mwishoni hapakuwa na ng'ombe, barafu tu,
na mtu fulani akitembea.
Visa mia mbili na kumi na tatu, kila kimoja na tarehe yake.

Diski ilitoka ikigonga, tk, tk, tk,
ukucha kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa.
Jouko akatikisa kichwa. "Tuipoze," akasema.
"Ikipoa ama itakufa ama itaamka."
Wengine hutumia friza. Sisi tulifungua mlango wa roshani.
Tukaifunga ndani ya mifuko miwili ya mkate,
tukailaza juu ya theluji, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
tukanywa kahawa tukiitazama kupitia kioo,
kama wafanyavyo wazazi wa huku
waliomtoa mtoto nje alale.

Saa tatu usiku tukaiunganisha na kompyuta yake.
Kugonga kukakoma. Majina yakaanza kushuka,
moja, moja, kisha kwa makundi,
asilimia kumi, ishirini na tano,
Jouko kashika kebo kama mshipa wa mgonjwa,
arobaini, hamsini na nane,
nami nimeacha mlango wazi, vidole vimekufa ganzi,
sitini na moja.
Tk.
Basi.

Hesabu za kodi zilipona zote, mwaka wowote uutakao.
Sauna haikupona; imeungua mara ya pili.
Na mama? Vilitoka visa thelathini na vinne,
vyote vya mwishomwisho.
Mansikki hayumo. Hata yule mweupe hayumo.
Nilifungua kimoja Jouko akiwa bado amekaa, sijui kwa nini:
dakika mbili za pumzi, saa ya ukutani, kijiko kikizunguka.
Kisha mama: "Nani huyo anatembea kwenye barafu?"
Na sauti yangu, changa kuliko ninavyoikumbuka:
"Ni mimi, mama."
"Haya, rudi. Kahawa inapoa."

Jouko akajitia kuhesabu parafujo.
Alipolifunga lile bati, zilirudi sita.
Ya saba aliigeuzageuza, akasema haina kazi,
kila kitu kimekaza bila yake.
Bado iko kwenye sahani ya keki.
Keki naila kando yake.