Mwaka wa Maji ya Moto

Mwaka ule kengele ya kanisa letu,
ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga,
ilibadilishiwa kazi.
Baba aliigonga kabla jogoo wa akina Mele hajawika,
mara tatu, si kwa ibada:
kuwaambia watu wabandike maji.

Manchali nzima ikafuka moshi.
Tukanywa maji yenye ladha ya sufuria.
Mdogo wangu Yaredi akauliza
kama mbinguni nako maji yanachemshwa.
Mama akamjibu, Mbinguni hakuna choo. Kunywa.

Mwanzo hatukuwa hivyo.
Mwanzo Baba, mwinjilisti, alisema
kisima cha korongoni ndicho kilichotoa maji ya ubatizo wetu sote,
na maji yaliyobatiza hayawezi kuua.
Alisema hivyo mbele ya madhabahu,
mkono juu ya Kitabu, viatu vimejaa vumbi,
nasi tukaitika Amina,
kwa sababu Amina ni rahisi, na kuni ziko mbali.

Jumanne akaugua Bibi Foibe.
Usiku alitoka nje mara nne,
mara ya tano hakuweza kutoka.
Kulipokucha macho yalikuwa yamezama,
na ngozi ya mkono, ukiifinya,
inabaki imesimama vile vile, haikumbuki kurudi.
Tukampakia kwenye mkokoteni wa punda.
Mama alimnywesha maji ya chumvi na sukari
kijiko kwa kijiko, akivihesabu kwa sauti:
mia na tatu, mia na nne,
punda akijikwaa, anaanza tena mia na tatu.

Kambi ilikuwa darasa la tatu la shule yetu.
Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya.
Bibi alilazwa juu ya turubai lililotobolewa katikati,
chini ndoo, juu chupa ya maji inadondoka.
Baba akasimama nje ya kamba
akaisoma sala ya wagonjwa kwa kupaza sauti,
na upepo wetu, usiojua adabu,
ulichukua neno moja ukaacha moja.
Bibi alisikia nusu.
Muuguzi alituambia baadaye: alisema inamtosha.

Hatukumwosha.
Mwanawe hakuugusa uso wake.
Bwana afya alinyunyizia dawa kaburi na waliosimama kaburini,
viatu vyeusi vya Baba vikaota mabaka meupe.
Aliendelea kuvivaa.

Jumapili hakukuwa na ibada, wala kikombe cha ushirika.
Tulisalimiana Mbukwenyi kwa mbali,
mikono nyuma, kama watoto walioiba karanga.
Ndipo Baba, ambaye Jumapili
hakuwahi kushika hata kisu cha kukatia mlenda,
akatoka na sururu
akaanza kuchimba choo nyuma ya tembe.
Ardhi ya kwetu kabla ya mvua ni mfupa.
Alichimba mpaka magotini,
mpaka kifuani,
mpaka tukaona kofia tu.
Hatukusikia akiomba. Tulisikia sururu.

Mama akampelekea maji kwenye kikombe cha bati.
Akaketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia,
hakusema, Nilikwambia.
Baba akanywa haraka, akaungua ulimi,
akasema, Mungu wangu,
na mimi mpaka leo sijui kama ile ilikuwa sala.

Kesho yake ndipo ringi ilipolia mara tatu.

Sasa nakaa mjini, Chang'ombe.
Bomba linatoka siku mbili kwa wiki, tunashukuru.
Yaredi hunipigia simu kutoka Kibaigwa,
tunaongea bei ya mahindi,
tunaongea mguu wa Mama,
na kabla hajakata huniuliza,
Umechemsha?
Namjibu,
Amina.