Kiambaza

Haitham wa lori la maji kaja dukani, Mabela,
saa nane, jua la Julai limelalia bati,
mkononi simu, usoni haraka.
"Fundi, nibadilishie mgongo tu. Ndani haina neno."
Jana ilikwama kwenye reli ya kiti
alipokivuta nyuma apate kunyoosha goti.
Ikalia krak, kama tende kavu.
Akaichomoa. Ikawaka. Akapiga Barka,
akaagiza samli, akasahau.

Nikaifungua. Kioo kizima, kamera nzima.
Ila betri, ubavuni, imebonyea kidogo,
pasipotosha hata kulaza kokwa.
"Si kitu hicho," anasema.
Nami natafuta pa kuanzia.

Humu, Haitham, mna kurasa zilizokunjwa:
shaba na masizi yake upande huu,
alumini na madini yake upande ule,
wapangaji wawili wasiotakiwa kugusana,
na baina yao kiambaza,
utando mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Una vitundu ambavyo jicho halivioni.
Lithiamu hupenya humo, huenda, hurudi,
hodi hodi, mchana na usiku, bila ugomvi.
Umeme wenyewe haupiti hapo.
Sharti uzunguke nje, kwa njia ndefu,
uwashe kioo, ubebe sauti yako hadi Barka.
Ndiyo kodi yake.

Sasa kiti chako kimekisukuma kiambaza.
Labda kimetoboka. Labda kimekonda tu,
kinangoja chaji moja zaidi.
Shaba ikimgusa jirani yake
umeme utauona mkato,
na nani kaonyeshwa mkato akazunguka?
Hiyo ndiyo shoti: ncha ya moto, mahali padogo,
utando unayeyuka, tundu linapanuka,
joto linazaa joto, wala halingoji hewa ya nje,
lina pumzi yake mle mle.

"Lakini inafanya kazi."

Ndiyo. Hilo ndilo linalonitisha.

Nikaitoa kwa kibano cha plastiki,
nikaifukia uani, kwenye ndoo ya mchanga.
Tukakaa kivulini tukiitazama ndoo,
watu wazima wawili, kama tunaongoja chai ichemke.
Robo saa. Nusu. Mchanga ni mchanga.
Akacheka. Nikaona haya kidogo.
Nikamtilia betri mpya, riyali saba,
akalalamikia bei, nikapunguza.

Mlangoni akasita.
"Jana Wadha kalala nayo chini ya mto.
Anasikiliza hadithi mpaka usingizi umchukue."
Kisha, bila kuulizwa: "Ana miaka sita."

Tunasema kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kilikuwa mtoni, kimetulia,
hakijaanza kula.

Naandika haya usiku. Ndoo ingali uani.
Nimetoka na tochi mara tatu
nikaweka kiganja juu ya mchanga:
uvuguvugu, lakini Mabela yote ni uvuguvugu.
Nataka iwake, nisionekane mwongo.
Sitaki iwake.

Saa tano Haitham kapiga.
"Vipi?"
"Bado."
Kimya. Nasikia kiyoyozi chake kinakohoa.
"Wadha je?" namuuliza.
"Kalala. Leo hadithi nimemsimulia mwenyewe,
nimeikosea mwisho, kanisahihisha.
Simu naiacha jikoni, juu ya vigae."

Na betri ile ni mpya. Sikumwambia airudishe.