Vikombe vya Doreen

Sita, kaviacha kwa wasia: "Vya Razia, mke wa Mehboob."
Bintiye kavileta mlangoni, mvua ya Longton ikimchuruzika puani,
kila kimoja kimeviringwa gazeti,
kila kimoja kina ua la samawati
alilolichora Doreen mwenyewe.

Mama akakipindua kimoja, nikamsomea chini yake:
kaure ya mfupa.
Akakilaza mezani kama mtoto wa watu.
"Mfupa wa nani?"

Miezi minne juu ya kabati.
Wageni tukawanywesha kwa bilauri za supamaketi.

Hafidh Ilyas, kijana, mafua yamembana,
alituambia: akiwa ng'ombe, hata mzoga,
sisi Mahanafi mfupa mkavu hatuuiti najisi.
Mashafii wana neno lao.
Na wapo wasemao, moto ukishageuza kitu
hukumu nayo imegeuka,
kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe.
"Lakini nguruwe," akapenga kamasi,
"nguruwe ni mlango mwingine. Kaulizeni kiwandani."

Kiwandani!
Pale sasa wanauza mazulia.
Wa kuulizwa alikuwa Baba,
miaka kumi na tisa akisukuma magunia ya majivu yale,
akirudi na nyusi nyeupe, pindo za suruali nyeupe,
Mama akizikung'uta uani
kisha akaingia kukanda unga.

Nilimwona akilikumbuka hilo ndani ya basi.
Aliitazama mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja.
Kituo cha tatu akaanza kucheka,
peke yake, mpaka mtandio ukamdondoka.

Ile hadithi ya Baba ya kila Idi:
wiki ya kwanza kazini, Kiingereza hana,
mwanamke wa idara ya maua anatoka ofisi ya msimamizi,
anamsimamia mbele, anaweka vidole viwili kichwani,
"Muuu!" mbele ya kiwanda kizima.
Tulicheka miaka yote.
Hakuna aliyewahi kuuliza
lile lilikuwa jibu la swali gani.

Usiku akashusha kimoja.
Akakiosha mara tatu, kwa moyo wake tu,
akakiinua kwenye taa,
vidole vyake vikaonekana kwa ndani, vyeusi, vinne.
Bismillahi.

"Chembamba mno," akasema. "Kinaunguza."
Akamimina tena.