Aliye Nyuma Kabisa

Ulaangom, mwezi wa pili, baridi ya kupasua chupa.
Bwana Damdinbazar amekuja na mawe matatu ya nyongo.
Kesho saa mbili atapasuliwa.
Lakini kabla ya kisu kuna karatasi,
na karatasi ni yangu.

Umewahi kuongezewa damu? Hapana.
Kuchorwa tatuu? "Mimi si mfungwa, dada."
Kung'olewa jino? Anacheka, ananionyesha pengo:
"Kwa koleo. Na fundi wa trekta."
Nyumbani kwenu, kuna aliyeugua ini?

Hapo anapangusa kwenye kofia theluji isiyokuwapo.
Kaka yangu, anasema. Macho manjano kama siagi ya kiangazi.
Tukadhani ni pombe.
Tulimzika huku tukimlaumu.

Natia alama ya ndiyo. Kisanduku ni kidogo,
ndugu mzima haenei.

Sindano?
"Nani hajadungwa? Bwenini alikuja tabibu
na sindano yake ya kioo, akaichemsha asubuhi
katika sufuria ya chai, mara moja tu,
kisha ile ile, mkono hadi mkono,
watoto sitini, kuanzia aliye mrefu."
Shule ipi? Swali hilo halimo kwenye karatasi.
Anaitaja. Anataja na mlango wa bluu.
Kalamu yangu inasimama.
Mimi nilikuwa mfupi.
Nilikuwa nyuma kabisa.

Namchoma kidole. Tone la damu, tone la dawa,
saa ya ukutani, dakika kumi na tano.
Mstari wa kwanza unajitokeza, ule wa kusema kipimo ki hai.
Wa pili bado.
"Ukitoka, mtanirudisha na mawe yangu?"
Hapana, bwana. Utapasuliwa vilevile,
kwa glavu tunazomvalia kila mtu.
Baadaye kuna vidonge, na wanao tutawaita.
"Watano," anasema. "Mmoja yuko machungani,
simu haishiki huko."

Miaka kumi na tisa nauliza watu.
Nimejaza makabati mawili na nusu ya damu za wengine.

Navua glavu ya kushoto,
nachana paketi nyingine.
Haulizi ni ya nani.
Anageuza kiti chake kuelekea saa,
anavuta kofia hadi masikioni kama mtu aliyepewa zamu.
"Nitahesabu mimi," anasema.
"Wewe tazama dirisha."